Kabrasha Shirikishi na Mabadiliko ya Mfumo Endeshi

Kabrasha shirikishi ni kabrasha lililomo katika diski ya kompyuta moja, mara nyingi seva, ambalo msimamizi wake ameziruhusu kompyuta nyingine za mtandao uleule kulifungua, kulisoma au kuliandikia. Katika ofisi za Lubumbashi, ambako menyu za kompyuta kwa kawaida huwa za Kifaransa, huitwa dossier partagé. Tafsiri ya kabrasha la pamoja inaeleweka, ila inaficha kwamba kabrasha hilo lina mwenyewe, na kwamba wengine hulifikia kwa idhini yake. Neno shirikishi, litokanalo na kitenzi shirikisha, hudokeza kuwa yupo aliyewashirikisha wenzake.

Idhini hiyo ndiyo kiini cha tatizo linalozuka mtu anapobadili mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia vifaa na programu nyingine zote, kwa mfano anapotoka Windows na kuhamia Linux. Mafaili hayapotei, kwa kuwa yamo katika seva. Kinachopotea ni maelezo yaliyohifadhiwa na mfumo wa zamani kuhusu itifaki, anwani na utambulisho.

Itifaki ni kanuni za mawasiliano baina ya kompyuta. Windows hutumia SMB, iliyobuniwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1980, na Linux huielewa hasa kwa msaada wa Samba, programu huria iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Toleo la kwanza la SMB huwa limezimwa katika mifumo mipya kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama uliodhihirika katika shambulio la WannaCry la Mei 2017. Hivyo seva kuukuu isiyojua toleo jingine haifikiki mpaka iboreshwe.

Anwani nayo hubadilika sura: inayoandikwa \\seva\kabrasha katika Windows huwa smb://seva/kabrasha katika Linux.

Utambulisho ni jina la mtumiaji pamoja na nywila, na hapo kibodi ya AZERTY, iliyozoeleka Kongo, huleta utata wake, kwani mfumo mpya ukidhani kibodi ni QWERTY, kitufe chenye herufi A hutoa Q, na nywila iliyo sahihi hukataliwa.

Kwa hiyo anayekataliwa baada ya kuhama ahakiki mpangilio wa kibodi na anwani, kisha amwendee msimamizi wa seva, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kushirikisha, badala ya kudhani kwamba kazi yake imepotea.