Kuvuka Kamanga na watoto wadogo: Namna ya kufungasha mizigo ya safari

KILA inapofika likizo ya Juni au Desemba, familia nyingi za Jiji la Mwanza hufunga safari kwenda kuwasalimu ndugu huko Sengerema na Geita, au mbali zaidi hadi Chato, Biharamulo na Bukoba.

Wanaosafiri kwa gari dogo huwa na njia mbili za kuvuka Ghuba ya Mwanza. Ya kwanza ni kivuko cha Kamanga, kinachoanzia katikati ya jiji. Ya pili ni Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilometa 3 kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 19, 2025.

Kwa anayeelekea upande wa Kamanga, kivuko humwepusha na mzunguko mrefu wa kupitia Kigongo. Hata hivyo, kivuko kina sharti lake. Wakati dereva anaingiza gari, abiria huingia kwa miguu, na kwa muda huo familia na mizigo yake hutengana. Nepi, maji au dawa iliyofukiwa chini ya buti haina tofauti na iliyosahaulika nyumbani.

Hivyo basi, mzazi anayesafiri na watoto wadogo hana budi kupanga mizigo kwa zamu ya matumizi: kitakachohitajika kwanza ndicho kipakiwe mwisho.

Begi la kivukoni

Hili ni begi dogo la mgongoni, ambalo mzazi hushuka nalo. Liwe la mgongoni kwa sababu mikono yote miwili inahitajika kuwashika watoto wakati wa kupanda na kushuka kati ya magari, pikipiki na mizigo ya abiria wengine.

Ndani yake ziwekwe nepi mbili au tatu, kitambaa chenye unyevu, kanga moja, sweta la kila mtoto, maji ya kunywa, chakula kidogo, dawa, kadi ya kliniki, fedha na simu. Upepo wa ziwani huweza kuwa mkali hata siku ya jua, hivyo sweta lisidharauliwe.

Begi likiwa jepesi, mzazi ataweza pia kumvalisha mtoto jaketi okozi bila kuhangaika. Aulize mapema yalipo majaketi ya ukubwa wa watoto. Historia ya Ziwa Victoria inalazimisha tahadhari hiyo: MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018 na kuua watu 228. Katika ajali zote mbili, kuzidisha uwezo wa chombo kulitajwa miongoni mwa sababu. Ukiona kivuko kimejaa kupita kiasi, subiri kinachofuata.

Kikapu cha ndani ya gari

Kikapu hiki huwekwa mahali ambapo mtu mzima aliyeketi na watoto anaweza kukifikia bila kufungua mkanda wake. Kibebe chakula cha njiani, vikombe, mfuko wa taka, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, na vitu viwili au vitatu vya kuchezea vilivyo laini.

Chakula kiwe kikavu na kisichoharibika upesi: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, maandazi, na uji ndani ya chupa ya chai. Matobolwa yanawafaa watoto wakubwa. Kwa wadogo ni magumu na huweza kuwakaba. Maziwa na samaki wa kukaanga huharibika haraka ndani ya gari lenye joto. Mtoto wa chini ya miezi 6 anatosheka na maziwa ya mama, wala hahitaji maji.

Begi la usiku wa kwanza

Familia nyingi hufika jioni, watoto wakiwa wamesinzia. Ni vema kuwa na begi moja lenye mahitaji ya usiku huo pekee: nguo za kulalia, sabuni, taulo, tochi na chandarua chenye dawa. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi nchini, na si kila mwenyeji huwa na chandarua cha ziada. Begi hili lipakiwe juu ya mengine yote, nyuma kabisa karibu na mlango wa buti.

Mizigo mikubwa

Mabegi mengine yatangulie kuingia. Mazito yakae chini, yakisukumwa hadi kwenye mgongo wa kiti cha nyuma. Kisiwekwe kitu kizito kwenye kibao kilicho nyuma ya vichwa vya watoto. Gari linapofunga breki ghafla, kitu kilichoachwa huru huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule wa gari. Dumu la lita 5 za maji, ambalo ni takriban kilo 5, humwumiza mtoto vibaya.

Kabla ya kupakia, kagua tairi la akiba, jeki, spana, pembetatu za tahadhari na kizimamoto. Katika magari mengi madogo tairi hilo liko chini ya sakafu ya buti, na kulitafuta wakati mvua inanyesha maana yake ni kushusha kila kitu barabarani.

Kwa nguo, seti 4 kwa kila mtoto zinatosha wiki nzima iwapo mwendako kuna maji ya kufulia. Funga kila seti peke yake, yaani nguo ya juu, ya chini na ya ndani, ndani ya kitambaa au mfuko wa nguo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Dawa

Dawa zikae pamoja ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na mikono ya watoto. Muhimu ni parasetamoli ya maji pamoja na kijiko chake cha kupimia, pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, plasta, na dawa yoyote ambayo mtoto anaitumia. Aspirini haifai kwa watoto.

Chumvichumvi zichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na zitakazobaki baada ya saa 24 zimwagwe. Mtoto akipata homa, apelekwe kituo cha afya kupimwa malaria siku hiyohiyo. Kadi ya kliniki itamsaidia mhudumu asiyemfahamu. Aidha, watoto wasiogeshwe ufukweni, kwani vimelea vya kichocho hupenya kwenye ngozi.

Nafasi ya mtoto kwanza

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuwapakata watoto ili mabegi yapate kiti. Mikono ya mzazi haiwezi kumzuia mtoto gari linapogonga. Kila mtoto akae kiti cha nyuma, kwenye kiti maalumu kinacholingana na umri na uzito wake, au afungwe mkanda ikiwa amefikia kimo cha kuutumia. Mizigo ikizidi, kitakachobaki nyumbani ni begi.

Mwisho, buti lisijae kabisa wakati wa kwenda. Wenyeji wa Kagera hawamwachi mgeni arudi bila mikungu ya ndizi, na mikungu hiyo nayo isije ikachukua nafasi ya mtoto.