NA, AU, SI: Historia ya Mageti Matatu

Ndani ya kila simu hapa kambini, hata ile ya kubonyeza yenye kioo kilichopasuka, mna mageti mengi kuliko watu wote wa bloku yako. Sisemi mageti ya mabati. Kwa mafundi wa elektroniki, geti ni saketi ndogo inayopokea majibu ya ndiyo na hapana, halafu nayo inatoa jibu lake. Umeme ukiwepo tunaandika 1, usipokuwepo tunaandika 0. Mageti ya msingi ni matatu, na majina yao mtoto mdogo anayatumia kila siku: NA, AU, SI.

Kwa mwaka mmoja sasa tuko kikundi cha vijana wanane tunajifunza haya mambo. Tulianza na swichi mbili, betri za tochi na taa moja. Lakini kitu kilichonishika zaidi ni historia: hayo maneno matatu yalitokaje midomoni mwa watu yakaingia ndani ya mashine?

Wa kwanza kutajwa ni George Boole. Alizaliwa mwaka 1815 mjini Lincoln, Uingereza, baba yake fundi viatu. Biashara ya mzee ilipoanguka, Boole akaanza kufundisha akiwa na miaka 16 ili nyumba ipate kula. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Hesabu za juu alijisomea mwenyewe. Mwaka 1849 akapewa uprofesa wa hisabati katika chuo cha Cork, Ireland, bila digrii. Sisi ambao vyeti vyetu viliungua pamoja na nyumba tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Mwaka 1854 Boole alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya sheria za fikra. Alitaka kuonyesha kwamba namna mtu anavyofikiri inaweza kuandikwa kama hesabu. Chukua mfano wa kwetu. Tuseme x ni watu wenye kadi, na y ni wazee. Ukizidisha x kwa y, unapata wale ambao wana kadi NA ni wazee. Sasa zidisha x kwa x: wenye kadi ambao wana kadi. Si ni wale wale? Kwa hiyo x mara x ni x. Jaribu sheria hiyo kwenye namba za kawaida. Mbili mara mbili ni nne, inakataa. Tatu inakataa. Ni 0 na 1 peke yake zinazokubali. Ndiyo maana hesabu ya Boole ilibaki na namba mbili tu: 0 kwa hakuna kitu, 1 kwa vyote.

Boole alikufa mwaka 1864, kabla taa ya umeme haijaingia majumbani mwa watu. Kazi yake ilikaa mikononi mwa wanafalsafa na wanahisabati. Mafundi wa umeme walikuwa na shughuli zao.

Zikapita zaidi ya miaka sabini. Claude Shannon, kijana wa Kimarekani, alikuwa amesoma mantiki ya Boole katika somo la falsafa huko Michigan. Alipofika chuo cha MIT akapewa kazi kwenye mashine kubwa ya kukokotoa iliyoongozwa na rilei. Rilei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa na umeme wenyewe badala ya kidole. Shannon akaona kitu ambacho wengi walikipita. Swichi mbili zikipangwa kwa mfuatano kwenye waya mmoja, taa haiwaki mpaka zote zifungwe: hiyo ni NA. Zikipangwa sambamba, kila moja na njia yake, moja tu inatosha: hiyo ni AU. Na swichi inayokata umeme pale inapobonyezwa, kama ile ya taa ya friji mlango ukifungwa, hiyo ni SI. Aliandika hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1937, akiwa na miaka 21. Tangu hapo saketi ingeweza kuandikwa kwanza kwenye karatasi, ikapunguzwa kwa hesabu, ndipo ikafungwa waya.

Mwaka huo huo, George Stibitz, mtafiti wa Bell Labs, alijenga mashine ya kujumlisha juu ya meza ya jikoni kwake. Alitumia rilei, taa za tochi, betri na vipande vya bati la kopo la tumbaku. Ilijumlisha tarakimu mbili za 0 na 1 tu. Lakini angalia ilivyofikiri: 1 na 1 ni mbili, ambayo kwa namba hizi huandikwa 10. Ile 1 ya kubeba inatoka kwenye geti la NA. Ile 0 inatoka kwenye kanuni ya "mmoja wao, lakini si wote wawili", ambayo unaijenga kwa NA, AU na SI. Sisi pia tuliifunga yetu kwa bati la kopo la maziwa, na ikajumlisha vizuri.

Yaliyofuata yalikuwa ya kupunguza ukubwa. Mwishoni mwa 1947 ikaja transista, na mwaka 1958 Jack Kilby akaunganisha sehemu za saketi kwenye kipande kimoja, mwanzo wa chipu. Kompyuta iliyosaidia Apollo 11 kutua mwezini mwaka 1969 ilijengwa kwa maelfu ya mageti ya aina moja tu, AU iliyofuatwa na SI. Kwa geti hilo moja unaweza kutengeneza mengine yote.

Sasa nirudi hapa tunapoishi. Jirani yangu mmoja, bibi aliyelima maisha yake yote kule Fizi, alirudishwa siku ya mgao, na kadi yake mkononi. Mashine ilikataa kidole chake, juu mistari ya vidole vyake imesagika kwa jembe. Alirudi na gunia tupu. Watu wakasema, "Mashine imekataa," kama vile mashine ndiyo yenye roho ngumu.

Usiku ule tulichora jedwali la ukweli kwenye karatoni. Kadi 1, kidole 0, chakula 0. Kanuni ilikuwa kadi NA kidole. Geti la NA lilifanya kazi yake sawasawa, halikuharibika. Lakini halikujichagua lenyewe. Boole alikuwa anaandika fikra za watu, na hata leo kila geti ni uamuzi wa mtu fulani aliyekaa mahali akasema NA pale ambapo angeweza kusema AU. Tukachora jedwali la pili: kadi NA (kidole AU picha kutazamwa kwa macho). Mwizi wa kadi bado anazuiwa. Bibi anapita.

Kiongozi wa bloku aliipeleka ile karatoni kwenye mkutano. Ameambiwa litaangaliwa. Bado tunasubiri, na bibi tunamchangia unga. Ila zamani tungeomba huruma tu. Sasa tunajua kitu tunachoomba: AU moja, na tunaweza kuonyesha mahali pa kuiweka.

Ukitaka kujifunza, huhitaji cheti wala kompyuta. Njoo na swichi mbili na taa ya tochi. Betri tutachangia.