Bendera Baharini, Bendera Angani

Januari 2022 mama yangu mdogo, mshonaji anayeishi Satwa, Dubai, alipata habari ya msiba Mombasa. Tangu tarehe 25 Desemba Falme za Kiarabu zilikuwa zimezuia abiria kutoka Kenya, Tanzania na nchi nyingine kadhaa kwa sababu ya korona. Kwenda angeweza, kurudi asingeweza, na kazi ingempotea. Akiwa bado anajishauri, tarehe 10 Januari Kenya nayo ikapiga marufuku ndege za abiria kutoka Falme hizo. Za mizigo ziliruhusiwa. "Kitambaa kinapita, mie sipiti," alituambia kwa simu.

Wazee waliokuja kutupa pole walisema enzi za majahazi mambo hayakuwa hivi: kaskazi ikivuma mtu alitweka tanga akaenda zake. Nilikubali, mpaka niliposoma kesi ya majahazi ya Sur.

Mwishoni mwa karne ya 19 manahodha wengi wa Sur, Oman, walikuwa raia wa Sultani lakini walipeperusha bendera ya Ufaransa. Sababu ilikuwa wazi. Manowari za Uingereza zilisaka majahazi yaliyobeba watumwa, na jahazi lenye bendera ya Ufaransa halikupekuliwa ovyo. Ugomvi ukafika Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu Agosti 1905. Ilisema baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa tena na haki ya kugawa bendera yake kwa raia wa Sultani, isipokuwa kwa wachache wenye hadhi maalumu ya kulindwa nayo. Zaidi ya hayo, kibali hakikuweza kuhamishiwa mtu mwingine wala jahazi jingine, hata kama mwenye majahazi yote mawili ni mmoja.

Kwa hiyo bahari ya babu zetu ilikuwa na makaratasi yake.

Ndege zilipokuja zilikuta fikra hiyo iko tayari. Mwaka 1937 ndege za majini za shirika la Kiingereza la Imperial Airways zilipata ruhusa ya kutua katika Hori la Dubai, mwendo mfupi kutoka Satwa, kwa makubaliano na mtawala, aliyelipwa kodi. Mwaka 1944 Mkataba wa Chicago ukaifanya kuwa sheria ya dunia. Ibara ya 1 inasema kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Ibara ya 6 inakataza safari za ratiba za kimataifa bila ruhusa ya nchi inayoendewa. Ibara ya 17 na 18 zinasema ndege ina uraia wa nchi iliyoisajili, na haiwezi kusajiliwa kwa nchi mbili kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo East African Airways inaponivutia. Shirika lilikuwa moja, lakini dola zilizolimiliki baada ya uhuru zilikuwa tatu. Ndege zake kubwa aina ya VC10 zikagawanywa kwa usajili: nyingine zilianza na 5Y ya Kenya, nyingine 5H ya Tanzania, nyingine 5X ya Uganda. Abiria aliona rangi moja. Sheria iliona mataifa matatu. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na shirika lake na bendera yake, na tangu hapo kila moja huomba ruhusa zake peke yake, Dubai ikiwemo.

Marufuku ya 2022 lakini hayakuuliza ndege ni ya nani. Yaliuliza abiria anatoka wapi. Kwa maoni yangu hilo ni gumu zaidi, maana nahodha wa Sur angeweza walau kubadili bendera. Mama mdogo hakuwa na cha kubadili.

Falme za Kiarabu ziliondoa zuio lao tarehe 29 Januari. Hitima ilikuwa imeshasomwa.