Sehemu ya Mbele ya Ubongo na Hukumu ya Mathari: Historia ya Nadharia Moja ya Kikoloni

1. Utangulizi

Mwaka 1951 jarida moja la tiba ya akili la Uingereza lilichapisha makala ya Dakta J. C. Carothers kuhusu kazi za sehemu ya mbele ya ubongo kwa Waafrika. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Mwafrika mwenye afya anafanana, kwa fikra na mwenendo, na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa nyuzi zinazounganisha sehemu hiyo na sehemu nyingine za ubongo. Kwa kuwa Carothers alikuwa ameongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, maneno yake yalipewa uzito wa ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho. Makala haya yanachunguza chimbuko la nadharia hiyo, matumizi yake, na kosa lililokuwa ndani yake tangu mwanzo.

2. Mtu hupimwa kwa nafsi yake

Ujuzi wa kitaalamu kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo ulianza kukua kutokana na ajali. Mwezi Septemba 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli, Phineas Gage, alipigwa na chuma cha kushindilia baruti kilichoingia chini ya shavu la kushoto na kutokea utosini. Alipona, akazungumza, akakumbuka. Lakini daktari wake, John Harlow, alieleza mwaka 1868 kwamba mtu aliyekuwa mtulivu na mpangaji mzuri wa kazi alikuwa amegeuka kuwa mwenye matusi, mkaidi na asiyetimiza mipango yake. Wenzake walikiri kwamba hakuwa tena Gage waliyemjua. Hata hivyo, baadaye aliweza kufanya kazi ya kuendesha magari ya farasi ya abiria nchini Chile, jambo linaloonyesha kwamba madhara hayo si lazima yabaki vilevile maisha yote.

Jeraha la aina hiyo linaweza kuacha kumbukumbu na usemi bila dosari kubwa, huku likiharibu uwezo wa kupanga, kujizuia, kutambua hisia za wengine na kubadili njia pale ya kwanza inaposhindwa. Wapo wanaokuwa wakali na wasio na haya. Wapo wanaopoa kabisa, wakakaa kutwa bila kuanzisha jambo. Kiswahili kina msamiati wa kufaa hapa, kwani hutenganisha akili na busara, na busara na haya. Mgonjwa anaweza kubaki na ya kwanza, akapungukiwa na hizo mbili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uharibifu huu hutambulikana kwa mabadiliko. Mgonjwa hulinganishwa na alivyokuwa jana, na mashahidi ni wale waliomjua jana hiyo.

3. Kutoka Lisbon hadi Nairobi

Mwaka 1935, mjini Lisbon, Egas Moniz alianzisha upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo kwa wagonjwa wa akili. Upasuaji huo, ulioitwa leukotomia, ulienea haraka, na Moniz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Wagonjwa wengi walitulia, lakini wengi pia walipoteza ari, uwezo wa kuona mbele na uangalifu. Huyu ndiye Mzungu ambaye Carothers alimfanya kipimo cha Mwafrika.

Nairobi ilikuwa tayari kuipokea fikra hiyo. Mmoja wa watangulizi wa Carothers hapo Mathari, Dakta H. L. Gordon, alikuwa ameshiriki katika harakati za kudai kwamba akili ya Mwafrika ni duni kwa maumbile. Mwaka 1934 Dakta F. W. Vint alichapisha vipimo vya bongo za maiti wa Kenya na kudai kwamba tabaka lao la juu lilikuwa jembamba kuliko la Wazungu. Carothers mwenyewe hakukata shauri moja kwa moja; aliyapa malezi na mazingira nafasi kubwa kuliko watangulizi wake. Lakini picha ya ubongo wa mbele usiofanya kazi ilibaki palepale.

4. Matumizi ya nadharia

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Carothers kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Kitabu hicho kilizungumza juu ya bara zima kusini mwa Sahara. Hivyo mvuvi wa Zongwe, kwenye Ziwa Tanganyika, alijumuishwa katika sifa za kundi zima bila kupimwa wala kuulizwa neno.

Ni katika mwambao huohuo ambapo, mwanzoni mwa karne ya 20, malale yalizitia hofu serikali za kikoloni za pande zote mbili za ziwa. Vimelea vya malale vikifika kwenye ubongo huvuruga usingizi, hisia na mwenendo, kiasi kwamba mgonjwa huweza kudhaniwa kuwa ana wazimu. Ingawa ugonjwa huu haushambulii sehemu ya mbele peke yake, unafundisha jambo moja: palipo na mabadiliko ya tabia kuna chanzo cha kutafutwa, na pengine cha kutibiwa. Daktari anayeamini kwamba mgonjwa wake ndivyo alivyoumbwa hana sababu ya kutafuta.

Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilichapisha ripoti ya Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Mgogoro wa ardhi na utawala ulielezwa humo kwa kiasi kikubwa kama tatizo la nafsi za watu waliokuwa katika mpito, na ripoti ikaunga mkono kuwakusanya Wakikuyu vijijini. Nadharia ya hospitali ilikuwa sasa imeingia katika uendeshaji wa vita.

5. Majibu

Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Blida, Algeria, aliijibu nadharia hiyo katika kitabu chake cha 1961: chanzo cha ghasia kitafutwe katika hali ya ukoloni, si katika ubongo wa mtawaliwa. Nchini Nigeria, T. A. Lambo na wenzake walionyesha mwaka 1963 kwamba dalili za maradhi ya akili miongoni mwa Wayoruba zililingana kwa mengi na zile za Kanada. Mwaka 1979 Orley na Wing waliripoti kwamba sonona ilionekana zaidi katika vijiji viwili vya Uganda kuliko katika sehemu ya London waliyoilinganisha navyo. Carothers alikuwa ameiona sonona kuwa nadra kwa Waafrika.

6. Hitimisho

Kosa la Carothers halikuwa la chuki tu. Lilikuwa pia la kimantiki. Alichukua dalili zinazotambulikana kwa kumlinganisha mtu na nafsi yake, akazitumia kulinganisha umma mmoja na mwingine. Wagonjwa wa Mathari wengi walifika huko kupitia polisi na mahakama, na wodi zilitenganishwa kwa rangi. Hapo si mahali pa kujulia namna watu wanavyopanga mashamba, wanavyosuluhisha ugomvi au wanavyostahi wakwe.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wauguzi na madaktari wanaompokea leo majeruhi wa kichwa, Nairobi au Kalemie, hawana budi kuanza kwa kuwauliza jamaa zake, kwa lugha yao, alikuwa mtu wa namna gani. Swali hilo halikuwa na nafasi katika nadharia ya 1951.