Mtu ni Afya na Deni la Mwaka 1972

Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na watu wapatao milioni 14. Kwa wiki 12 za mwaka huo, takriban milioni 2 kati yao, wengi wakiwa watu wazima wa vijijini, walikutana katika vikundi kusikiliza redio, kusomeana kitabu na kukubaliana la kufanya kuhusu malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya. Inapokumbukwa siku hizi husifiwa kama ushindi wa redio, au kama ushahidi wa mvuto wa Mwalimu Nyerere, au kama kumbukumbu ya enzi ambapo watu walikuwa na moyo wa kujitolea. Maelezo hayo matatu hayatoshi. Redio ilikuwepo kabla ya hapo na ipo hadi leo, Mwalimu aliendelea kuongoza kwa miaka mingine 12, na moyo wa watu haubadiliki ndani ya msimu mmoja. Hoja yangu ni kwamba kampeni ilifaulu kwa sababu ya mpangilio wa kiutawala uliowaweka watu wa elimu, wa afya, wa chama na wa utangazaji katika kazi moja bila sekta yoyote kuihodhi. Mpangilio huo huo, ulioanza mwaka 1972, ndio pia uliomwondoa mtu ambaye angeyalinda matunda ya kampeni baada ya redio kunyamaza.

Tukitazama afya ya umma ilivyowafikia watu wa Tanganyika kabla ya hapo, tutaona kwa nini jambo hili lilikuwa geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani wakiitawala Dar es Salaam, madaktari wao walifuata mbinu ya Robert Koch: wakaazi walipimwa damu, na waliokutwa na vimelea vya malaria wakapewa kwinini. Hakuna aliyeona haja ya kumuuliza mwenye nyumba ana maoni gani. Waingereza walipokuja, waliwahamisha watu kwa maelfu ili kuwaondoa katika maeneo ya mbung'o na malale, na kijijini afya ikawa na sura ya bwana afya, mtu wa kukagua choo na kuandika faini. Kazi yake ilikuwa na maana, ila ilimfundisha mwanakijiji kwamba choo ni mali ya serikali, kinachimbwa kwa ajili ya ukaguzi na kusahaulika ukaguzi ukipita. Wakoloni walipoondoka hawakuacha nguvukazi ya kubadilisha hali hiyo. Nyerere mwenyewe alipenda kukumbusha kwamba nchi ilipata uhuru ikiwa na mainjinia 2 na madaktari 12. Wizara ya Afya yenye rasilimali ya namna hiyo, hata ingejipanua mara kumi, isingeweza kumfikia kila mkulima kwa kupitia watumishi wake yenyewe.

Njia ilifunguliwa na sekta nyingine kabisa. Katika hotuba yake ya kuuaga mwaka 1969, Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kusoma na kuandika yakaenea nchi nzima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilijaribu kuunganisha redio na vikundi vya masomo, kwanza kwa Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, kisha kwa Wakati wa Furaha mwaka 1971, uhuru ulipotimiza miaka 10. Majaribio hayo yalikuwa madogo, lakini yaliwafundisha waandaaji mambo ya msingi: kipindi cha redio kisicho na kikundi hupita kama upepo, na kikundi kisicho na kiongozi aliyeandaliwa hugeuka kuwa barza. Kwa hiyo kwa Mtu ni Afya waliandaliwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, kwa ngazi: wakufunzi wa taifa wakawafunza wa wilaya, na wa wilaya wakawafunza wa vijiji. Wengi wa viongozi hao walikuwa walimu wa shule za msingi na wa kisomo. Vitabu vilichapishwa kwa mamia ya maelfu, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Sweden. Wizara ya Afya ilitoa maarifa, Redio Tanzania ikatoa sauti, chama tawala cha TANU kikatoa wajumbe wake wa nyumba kumi kumi, na walimu wakatoa jioni zao.

Ndani ya kikundi kazi ilikwenda hivi. Watu walisikiliza kipindi, kisha anayejua kusoma akawasomea wengine sura ya wiki hiyo, kisha wakajadiliana. Sura ya safura ilieleza kuwa mnyoo wake hauliwi pamoja na chakula, bali huanzia katika kinyesi kilichoachwa kwenye udongo wenye unyevu na kupenya ngozi ya unyayo wa anayetembea peku, hadi mtu anaishiwa damu na kupoteza nguvu za kulima. Hapo mjadala uliacha kuwa wa kitabuni. Kama ugonjwa unapita unyayoni, choo cha jirani kinakuhusu kama chako. Kama udongo wa kwetu ni wa kichanga, shimo litabomoka lisipozungushiwa miti, na miti nayo italiwa na mchwa. Mfuniko utengenezwe na nani, kwa mbao zipi? Nyumba ya mjane isiyo na kijana wa kuchimba isaidiwe na nani? Kikao kilitakiwa kiishe kwa uamuzi, na uamuzi uonekane kwa macho kabla ya kikao kijacho: kichaka kimefyekwa, makopo yanayotuamisha maji yamefukiwa, shimo limeanza kuchimbwa. Katika mambo yote yaliyofundishwa, choo ndicho kilichoacha alama kubwa zaidi, nadhani kwa sababu ndicho kilichohitaji uamuzi wa pamoja kuliko pesa.

Wanaosimulia kampeni hii mara nyingi huruka mageuzi ya utawala yaliyotangulia, pengine kwa kuwa hayasisimui. Mwaka 1972 serikali ilitekeleza Madaraka Mikoani. Kabla ya hapo afisa kilimo, afisa elimu na afisa afya wa wilaya kila mmoja alimtazama bosi wake wa wizara aliyeko Dar es Salaam, na barua ya kuomba gari la idara jirani ingeweza kusafiri hadi makao makuu na kurudi. Baada ya mageuzi, maofisa hao waliwekwa chini ya mkurugenzi wa maendeleo wa wilaya na wa mkoa, wenye kuwajibika kwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kampeni ilipofika mwaka uliofuata, gari la kilimo liliweza kubeba vitabu vya afya bila kibali cha wizara mbili. Ushirikiano wa sekta ambao siku hizi hudhaniwa unatokana na semina na makubaliano yaliyosainiwa hotelini, wakati ule ulitokana na ukweli mkavu kwamba maofisa hao walikuwa na mkubwa mmoja, ofisi zilizokaribiana na mfuko mmoja.

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni kupamba amri ya chama kimoja, kwamba mjumbe wa nyumba kumi alijua nani hakuhudhuria, na katika Tanzania ya mwaka 1973 kutohudhuria kulikuwa na gharama yake. Hoja hii ina uzito na siikatai. Lakini historia imetupa kipimo. Novemba ya mwaka huo huo Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri. Serikali ile ile, kupitia chama kile kile na wajumbe wale wale, ilitumia njia mbili tofauti ndani ya muda mfupi: moja ya kujadili na kuamua, nyingine ya kupakia watu na vyombo vyao kwenye malori. Ya kwanza iliacha watu waliojua kwa nini wanachimba, ya pili ikaacha nyumba tupu na mashamba yaliyo mbali na wenyewe. Kama shinikizo la chama peke yake lingekuwa ndilo siri ya Mtu ni Afya, uhamishaji huo, ulioitwa Operesheni Vijiji, ungefaulu mara kumi zaidi, maana shinikizo lake lilikuwa kubwa mara kumi.

Shaka ya takwimu nayo ni ya haki. Ofisa wa wilaya aliyetaka kupendeza ngazi ya juu aliweza kuhesabu shimo lililoanzwa kuwa choo kilichokamilika, na hesabu za namna hiyo zilikuwepo. Ndiyo sababu ushahidi wa kuaminiwa zaidi unapatikana katika kazi ya watafiti wa Taasisi, waliokagua vijiji vichache vilivyochaguliwa, wakitazama hali ya nyumba kabla ya kampeni na baada yake. Walikuta mabadiliko ya kweli, hasa ya vyoo, ingawa hayakuwa sawa kila mahali. Hayo yanatosha kwa hoja yangu, isiyohitaji miujiza.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni lile la wanaosema afya hujengwa kwa maji safi, zahanati na kipato, na kwamba kumfundisha maskini kuchemsha maji ni kumtwisha mzigo wa serikali. Kwa upande wa maji wana haki. TANU ilikwisha kuahidi mwaka 1971 kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji atapata maji safi, na ahadi hiyo haikutimia. Wakati huo huo kitabu kilisema chemsha, na kuchemsha kunahitaji kuni, na kuni zinabebwa kichwani na mwanamke aliyekwisha kubeba ndoo. Sekta ya misitu haikuwa na sauti katika somo hilo, na sijui kama kuna mwanamume aliyelihesabu. Hata hivyo kampeni haikuletwa iwe badala ya zahanati, kwani katika miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa ikielekeza fedha zaidi kwenye vituo vya afya na zahanati za vijijini. Aliyejua kichocho kinatoka wapi alikuwa na sababu ya kudai kisima, na aliyechimba choo hakumzuia mtu yeyote kuchimba kisima.

Kilichoangusha matunda ya kampeni kilitoka kwingine. Watu waliohesabiwa kuishi katika vijiji rasmi waliongezeka kutoka milioni 2 hivi mwaka 1973 hadi zaidi ya milioni 10 miaka michache baadaye. Kila nyumba iliyohamishwa iliacha nyuma choo chake, na huko ilikopelekwa watu walisongamana kabla ya mashimo mapya kuchimbwa na kabla ya maji kufika. Juu ya hayo, Madaraka Mikoani, yaliyorahisisha kazi ya mwaka 1973, yalikuwa yamezifuta halmashauri za wilaya, na za miji hazikukawia kufuata. Mkurugenzi aliyetumwa na serikali kuu aliweza kuitisha kampeni, akahamishwa mwaka unaofuata. Hapakuwa na diwani wa kuulizwa na wapigakura wake kwa nini mtaro umeziba, wala halmashauri yenye kodi yake ya kuzoa taka. Mwaka 1977 kipindupindu kiliingia kwa nguvu, na hali ya usafi mijini ilikuwa mojawapo ya sababu zilizoifanya serikali kutunga sheria ya mwaka 1978 ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwezi Septemba mwaka huo huo mataifa yalikutana Alma-Ata na kutangaza kuwa afya ya msingi haiwezekani bila sekta nyingine kushiriki, jambo ambalo Tanzania ilikwisha kulifanya kwa vitendo miaka mitano kabla na wakati huo ilikuwa ikilipia gharama ya kutolilinda.

Taasisi iliendelea, kwa Chakula ni Uhai mwaka 1975 baada ya njaa, na kwa Misitu ni Mali mwaka 1980. Jina la Mtu ni Afya bado linatajwa kwa heshima, na mwaka 2017 Wizara ya Afya ilianzisha Nyumba ni Choo kwa wito unaofanana. Anayeandaa kampeni ya namna hiyo leo tayari ana redio, simu, wasanii na wafadhili. Aanzie kwenye bajeti ya halmashauri, atafute fungu la bwana afya wa kata kwa mwaka unaofuata kampeni, na asipoliona asianze. Halmashauri za wilaya zilizofutwa mwaka 1972 zilirudi kazini mwaka 1984, na katika miaka 12 hiyo wilaya za vijijini hazikuwa na halmashauri ya kuchaguliwa yenye mamlaka juu ya choo hata kimoja.