Sheria ya 1925 na mikono myepesi ya Nyamasaria

Sheria ya Uchawi ya Kenya ilitungwa mwaka 1925, na mwaka 2025 ikatimiza karne nzima. Inamlenga anayejidai kuwa na nguvu zisizo za kawaida kwa namna ya kuwatia wenzake hofu au kuwadhuru. Lakini yuko mtu ambaye haikumkusudia na bado kivuli chake kimemfunika: mcheza kiinimacho. Huyu huingia katika uwanja wa shule, akameza nyembe mbele ya watoto, akazitoa kinywani zikiwa zimefungwa kwenye uzi mmoja mrefu, akalipwa shilingi chache, na akaondoka huku nyuma yake wakinong'ona kwamba ni mchawi.

Akikwepa jina hilo, humngoja jina la pili: mwizi. Watu wa Nyamasaria, pale barabara ya kutoka Ahero inapoingia Kisumu, wanaujua mchezo wa pata potea kama unavyojulikana katika stendi nyingi nchini. Karata ni tatu, na dau lako liko juu ya moja. Mchezeshaji hushika mbili kwa mkono mmoja, ya juu na ya chini, na anahakikisha umeiona ile ya chini kuwa ndiyo yenyewe. Mkono unaposhuka, jicho linaamini kwamba ya chini imeanguka kwanza, kumbe iliyoteleza ni ya juu. Kuanzia hapo unafuatilia karata isiyo yako. Na wale wanaoshinda mbele yako kwa kelele ni wenzake. Ufundi wenyewe ni wa hali ya juu, ila umetumiwa kumnyang'anya abiria nauli.

Nyanza ilikuwa na watu wake wa maajabu tangu zamani. Gor wa Kanyamwa, ambaye klabu ya Gor Mahia iliyoanzishwa mwaka 1968 ina jina lake, husimuliwa hadi leo kwamba alibadili umbo mbele ya adui zake. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, mji ukakua, na wageni wakaja na michezo yao.

Kisa ninachotaka kisomwe vizuri kilitangulia reli. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 25 aliyetumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London, alipita katika nchi ya Wamaasai akielekea Ziwa Victoria. Hakuwa na askari wa kutosha kupigana. Alikuwa na Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia, na alikuwa na meno mawili ya bandia. Kitabu chake cha mwaka 1885 kinaeleza bila haya jinsi alivyoyatumia. Aliwaita watu wakaribie, akayagusa meno, akayatoa, akayarudisha. Kisha akawaambia kwamba angeweza kufanya vivyo hivyo kwa pua au jicho. Alikuwa pia na chumvi ya Eno, ile tunayokunywa leo tumbo likijaa gesi. Aliitia majini ikachemka bila moto, naye akajitangaza kuwa laiboni mweupe. Sifa zikamtangulia njiani, na kila kambi ikataka kuona meno. Wakati huo ng'ombe wa Wamaasai walikuwa wakifa kwa ugonjwa, na watu walimjia wakitafuta dawa kwa dhati. Desemba mwaka huohuo alifika kwenye ufuo wa ziwa, magharibi ya Kisumu ya leo.

Wasomaji wa Kiswahili wameyaona meno ya namna hiyo kwingine: katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya mwaka 1929 ya riwaya ya Rider Haggard, ambamo Kapteni Good anawatisha watu kwa meno yake. Wengi tulicheka darasani. Hatukuambiwa kwamba miezi michache kabla ya riwaya hiyo kutoka, Thomson alikuwa amechapisha kisa kama hicho akisema ni cha kweli.

Sasa iwekwe sheria ya 1925 kando ya kitabu cha Thomson. Alijidai kuwa na nguvu zisizo za kawaida, na aliwatia watu hofu ili apate njia. Waliotunga sheria hiyo miaka 40 baadaye walikuwa watu wa nchi yake, na waliomwagiwa jina la uchawi walikuwa sisi. Hili linaniuma, na sioni kwa nini vitabu vya historia vya shule viliache.

Mzungu mwingine wa fani hii aliishi Kenya kwa heshima zaidi. Jasper Maskelyne, aliyepigwa filamu mwaka 1937 akimeza nyembe na kuzitoa kwenye uzi, alihamia Kenya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akafungua shule ya udereva Nairobi, na akafia nchini mwaka 1973. Babu yake, John Nevil Maskelyne, alianza kuonyesha mazingaombwe katika ukumbi wa Egyptian Hall, London, mwaka 1873. Mwaka 1894 akaandika kitabu cha kufichua hila za wacheza kamari. Babu huyo alichora mstari ambao sisi hatujauchora: anayekudanganya kwa ridhaa yako ni msanii, na anayekudanganya ili akuibie ni tapeli.

Hapa kwetu fani imebaki kwa vijana wanaojifunza wenyewe mbele ya kioo. Huanza na sarafu ya shilingi kumi. Mkono wa kulia unaifuata kana kwamba unaichukua, nayo inaangukia kiganja cha kushoto, na macho ya mchezaji lazima yaufuate mkono mtupu, la sivyo hakuna atakayeamini. Kisumu ina ukumbi wa kijamii wa Mama Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini. Kaunti iwape vijana hawa Jumamosi moja kila mwezi humo, tiketi ya mtoto iwe bei ya soda, na bango la mlangoni liandikwe wazi kwamba yatakayoonyeshwa ni kazi ya mikono.