Apotti: Mfumo wa Kumbukumbu za Afya Nchini Ufini

Apotti ni mfumo wa kompyuta unaohifadhi kumbukumbu za wagonjwa na za wateja wa ustawi wa jamii jijini Helsinki na maeneo jirani. Ulianza kutumika Novemba 2018 katika hospitali ya Peijas, Vantaa, kwa programu ya kampuni ya Marekani, Epic. Lengo lilikuwa daktari, muuguzi na afisa ustawi wa jamii watumie mfumo mmoja. Mwaka 2022, mamia ya madaktari waliilalamikia mamlaka ya usimamizi, Valvira, kwamba mfumo huo ni mgumu na unahatarisha wagonjwa. Muda unaopotea mbele ya skrini humpunguzia mgonjwa huduma na mhudumu mapumziko. Denmark na Norway, zinakotumika programu za Epic, zilishuhudia malalamiko kama hayo.